Hamali Asiye na Ujira

Katika baraza ya Idi iliyofanywa ukumbi wa kukodi hapa Tumba, biriani ikiisha kuliwa na watoto wakiisha kuvunja nidhamu iliyowekwa na mama zao, alisimama mhadhiri mmoja, mtu wa elimu na heshima zake, akatupa mawaidha juu ya insafu katika biashara. Na kwa kuwa alikuwa akisema na Waswahili wa ughaibuni, ambao aghalabu hupenda kuhakikishiwa kwamba hawakukosea kuhama, akatutolea mfano wa insafu hiyo katika nchi tunayoishi. Alisema kwamba kwetu pwani tajiri huandika juu ya meza yake ya fedha kuwa mali ikiuzwa hairudishwi, lakini Uswidi mshitiri ni mfalme: huagiza akiwa amelala kitandani, huletewa mlangoni, na asipopendezewa hurudisha bure, hasara ikawa ya muuzaji. Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine kwa takbira. Mimi nilinyamaza kwa kuchunga adabu ya baraza. Lakini gazeti si baraza, na hasira niliyoimeza siku ile haijashuka hata leo.

Dhana hii ya kwamba kununua kwa mtandao kumemwondolea mshitiri taabu imeenea mno hata haidaiwi tena ushahidi. Mimi nasema kinyume chake: biashara hii imesimama juu ya mgongo wa mshitiri, ambaye amefanywa karani, mpima nguo, mfungaji mizigo na hamali wa tajiri, kwa kazi isiyo na ujira, na juu ya hayo hutakiwa atoe shukrani. Zamani ukiingia dukani kununua koti ulimkuta mtu aliyelipwa kukukadiria kwa jicho, kukuletea la pili likikubana la kwanza, kulikunja, kulifunga na kukusindikiza hadi mlangoni. Kazi hizo zote zingali zikifanywa, hata moja haikufa. Kilichokufa ni mshahara wa mwenye kuzifanya. Kujipima kifua kwa futi ya kamba mbele ya kioo ni kazi yako. Kubashiri kama M ya kiwanda cha Ureno ni sawa na M ya kiwanda cha Bangladesh ni kazi yako. Ukibashiri vibaya, taksiri ni yako pia.

Ama hilo la kuletewa mlangoni, nauliza ni mlango upi. Mzigo nilioagiza aghalabu hushushwa katika duka la vyakula, kwenye kaunta ile ile iuzayo snus, ile tumbaku ya Waswidi ya kutia chini ya mdomo, pamoja na tikiti za bahati nasibu na karatasi za kubashiri farasi, kisha simu yangu huletewa salamu za furaha kwamba mzigo umefika. Haukufika, mimi ndiye nitakiwaye kufika. Basi katika mwezi wa Januari, barafu ikiwa imeganda njia nzima tangu mtaa wa Storvreten hadi madukani, mfalme wa mhadhiri wetu hutoka na viatu vyenye meno, husimama katika foleni nyuma ya mzee anayejaza namba za farasi wake kwa utulivu wa mtu asiye na ahadi popote duniani, na zamu yake ikifika huonyesha kitambulisho chake mwenyewe, na ikiwa mzigo ni wa mkewe, huonyesha na cha mkewe. Binti wa kaunta huingia nyuma ya pazia kutafuta namba katika rafu, hurudi na sanduku la mtu mwingine, huingia tena. Jina langu la baba na la babu huandikwa pamoja au hukatwa katikati, kwa vile mashine zao hazikuumbwa kwa watu wenye nasaba ndefu. Nalo ni shauri jingine, nitalisemea siku yake.

Raia kubebeshwa mizigo ya wengine si jambo jipya hapa. Serikali ya Uswidi ilipoanzisha posta mwaka 1636, Malkia Christina angali mtoto, iliwachagua wakulima waliokaa kando ya njia kuu wapokezane barua kutoka kituo hata kituo. Mkulima huyo aliamriwa aende mbio, na akichelewa alitiwa jela siku 8 kwa mkate na maji. Ukali ulioje! Walakini serikali ile kali ilikuwa na haya kuliko matajiri wa leo, kwani kwa badala ya taabu hiyo ilimsamehe mkulima kupelekwa vitani. Mimi nimebeba masanduku ya watu kwa miaka, na hakuna aliyenisamehe hata senti ya kodi. Na tusisahau kwamba Tumba, kama miji mingine, ilikuwa na ofisi ya posta yenye makarani na mizani, mpaka mwanzoni mwa karne hii ofisi hizo zilipofungwa kote nchini, kazi yake ikatupwa kwa wauza maziwa na vituo vya petroli, na jambo hilo likaitwa maendeleo.

Sasa njooni katika kurudisha, ambako ndiko mhadhiri alikopandisha sauti. Mke wangu aliagiza koti la baridi katika duka moja la mtandao ambalo sitalitaja, koti zuri katika picha, likaja na mikono iliyoishia chini kidogo ya kiwiko, ingawa kibandiko chake kilishuhudia kwamba ni kipimo chake hasa. Mfuko wake ulikuwa umetengenezwa kwa namna ya kwamba haufunguki ila kwa kupasuliwa, na kanuni ya kwanza ya kurudisha ilikuwa kwamba mali irudi katika mfuko wake. Kanuni ya pili ilitaka kibandiko cha anwani kichapishwe, kana kwamba kila nyumba ina matbaa. Nikaenda maktaba ya Tumba kuchapa, nikaenda dukani kununua utepe wa gundi, nikaketi mezani na mkasi, na humo ndani ya karatasi yao nikakuta orodha ya sababu nane za kurudisha, kila moja na namba yake: ni kubwa, ni dogo, rangi sivyo, umebadili nia, na kadhalika, nikazisoma mara mbili nikitafuta sababu isemayo kwamba nyinyi ndio mliokosea, nisiione. Nikajaza namba ya udogo, ambayo kwa maneno mengine ni kukiri kwamba mke wangu ni mkubwa.

Kisha fedha hazikuja. Muuzaji akasema mzigo haukumfikia, mchukuzi akasema aliufikisha, kila mmoja akanielekeza kwa mwenziwe kwa lugha laini sana, na mimi katikati nikiwa na risiti ya karatasi ile ambayo wino wake hufifia ukiiweka mfukoni. Zilipokuja, zilikuja pungufu ya gharama ya usafirishaji wa kwanza. Ilhali sheria ya mwaka 2005 ya mikataba ya mbali, isomekavyo leo, inamtaka muuzaji, mshitiri akijitoa katika ununuzi ndani ya siku 14, arudishe bei pamoja na gharama hiyo ya kawaida ya kupelekewa. Ni wangapi katika ukumbi ule walioitikia takbira hali ya kuwa hawalijui hilo?

Na sheria hiyo hiyo haikuandika neno bure. Gharama ya kurudisha ni juu ya mshitiri, isipokuwa muuzaji mwenyewe ameridhia kuibeba au amekosa kumwambia mapema. Walioridhia waliridhia kwa sababu ilikuwa chambo, na sasa samaki wameshavuliwa, chambo chaondolewa: kampuni ya nguo ya Zara ilianza kutoza ada ya kurudisha katika nchi kadhaa mwaka 2022, na wengine wamefuata. Hata huko kunakosalia kuitwa bure, gari la mizigo halitembei kwa dua. Nauli yake imo katika bei ya koti, na anayeilipa ni yule aliyetulia na koti lake asirudishe kitu, pamoja na yule aliyelirudisha kwa miguu yake.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba aliyetusifia haki hii kuwa ni fadhila ya Wazungu ni mtu aliyesoma fikihi. Yeye ni wa kuambiwa habari ya khiyari, haki ya kuridhia au kuvunja mauziano? Yeye ndiye wa kutufundisha kwamba wauzianao wana khiyari maadamu hawajaachana katika kikao, kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu watu wa pwani, waweza kushurutiza khiyari ya hadi siku 3, na kwamba kitu chenye aibu iliyofichwa hurudishwa kwa mwenyewe. Mafakihi walikuwa wagumu sana katika kuuza kitu ambacho macho ya mnunuzi hayajakiona, na siku 14 za Waswidi hazina msingi mwingine ila huo huo: umenunua usichokiona. Mwenye shaka na aingie duka lolote la Tumba Centrum, anunue viatu, avijaribu, avilipie, kisha kesho yake arudi aseme moyo umegeuka. Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye duka kuvipokea. Akivipokea ni hisani yake au desturi ya duka. Ufalme wa mshitiri, basi, hauko hata hatua moja ndani ya mlango wa duka.

Madhali nimetaja duka, niseme na hili. Mji wetu huu ulipata jina duniani kwa noti: kiwanda cha Tumba Bruk kilianzishwa mwaka 1755 na Benki Kuu ya Uswidi, Riksbanken, kutengeneza karatasi ya fedha, na baadaye noti zenyewe zikachapwa papa hapa. Leo unaweza kuzunguka mji uliotengeneza fedha za taifa zima ukiwa na noti halali mkononi, ukaambiwa kwa tabasamu kwamba hapa hatupokei fedha taslimu. Katika mtandao ndiyo usiseme. Huko hata kulipa hakuhimizwi, bali unahimizwa kuchukua na kulipa baadaye, fani ambayo Klarna, kampuni iliyozaliwa hapa Stockholm mwaka 2005, imeieneza nusu ya dunia. Mpaka serikali ikalazimika kuamuru, tangu tarehe 1 Julai 2020, kwamba malipo yasiyo ya mkopo yatangulizwe mbele ya yale ya mkopo katika ukurasa wa kulipia. Ukirudisha koti na kuchelewa kuandikwa kwamba limerudi, hati ya deni haingoji. Huja na ada yake ya ukumbusho, na nyuma yake linasimama jina la Kronofogden, idara ya kukusanya madeni, ambalo katika nyumba zetu hutajwa kwa sauti ya chini.

Wako watakaonijibu. Kijana mmoja, mtoto wa rafiki yangu, aliniambia, “Shikamoo mzee, lakini wakati ni mali, na mtandao unaniokolea wakati.” Nikamtazama. Jumamosi nzima hiyo alikuwa ameketi dirishani na simu, akifuata picha ya kigari kidogo kinachotembea juu ya ramani, kikienda Tullinge, kikarudi, kikapita njia yetu bila kusimama, kikapotelea Huddinge, naye akikihadithia kwa wenzake hatua kwa hatua. Wakati wake ulikuwa umeokoka kweli kweli. Sijui tu ulikuwa umekimbilia wapi.

Na kwa kuwa tunapenda kulinganisha, tulinganishe sawa. Jumia, kampuni ya kuuza kwa mtandao iliyokuja Afrika Mashariki na mbwembwe za kampuni za kizungu, ilifunga kazi zake Tanzania Novemba 2019, na biashara ya kuagiza haikufa kwa kuondoka kwake. Imebaki kwa wauzaji wa WhatsApp na Instagram, na kwa vijana wa bodaboda. Kijana wa bodaboda hana ramani ya maana, nyumba haina namba, lakini atakupigia simu akuulize uko upande gani wa msikiti, atakupigia tena akiwa mbele ya duka la dawa, atafika mlangoni, mlango wenyewe, wa mbao. Na kama mmepatana lipa ukipokea, ataketi juu ya pikipiki yake huku ukijaribu viatu, na visipokutosha ataondoka navyo yeye. Atanung’unika, ndiyo, na nauli yake utampa. Lakini mzigo ataubeba yeye, na nauli ile ni mshahara wa mtu ninayemwona uso.

Hapa, nilipochoka na lile koti, niliomba niongee na mtu. Nikapewa mashine yenye jina la kike, ikanieleza kwamba inaelewa vizuri sana ninavyojisikia, kisha ikanirudisha katika ukurasa nilioanzia. Fedha zilipokwisha kuja, zikiwa na upungufu wake, ikaniletea fomu: nitoe nyota kwa muuzaji, nyota kwa kaunta, nyota kwa dereva, na nieleze kwa maneno machache dereva huyo afanye nini kujirekebisha. Dereva ambaye sikuwahi kumwona, kwa kuwa hakuwahi kufika kwangu! Hivyo baada ya ukarani, upimaji nguo, ufungaji na uhamali, wameona niongezewe na usimamizi wa wafanyakazi, nao pia bila mshahara, na huenda kwa nyota zangu mtoto wa watu akanyimwa zamu ya wiki ijayo. Fomu ile sikuijaza, na wanaendelea kunikumbusha.