KOMPYUTA ISIACHIWE KUKISIA

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Taabu ni kuwa kompyuta haina mazoea ya kuuliza. Isipojua, hukisia tu.

Tuchukue faili ya CSV. Hii ni orodha ya maandishi matupu: kila mtu na mstari wake, na kila kitu kimetengwa na kingine kwa alama ya mkato. Faili yenyewe haisemi lipi ni jina na ipi ni tarehe. Ukiipakia kwenye programu kama pandas bila maelezo, programu ndiyo huamua. Nambari za simu zinazoanza na 0 huonekana kuwa hesabu, basi ile 0 ya mbele hutupwa. Jaribu kupiga simu hiyo uone! Namibia nayo, ambayo kifupi chake cha kimataifa ni NA, huhesabiwa kuwa pengo, kwa maana NA kwa pandas ni "hakuna kitu". Nchi nzima imepotea hivi hivi, na hakuna kengele iliyolia.

Kuna watakaosema, "Ah, hayo ni mambo madogo." La hasha! Mwaka wa 2020 huko Uingereza, majibu ya vipimo vya korona yalitoka maabara katika faili za CSV, yakapakiwa kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani, ambazo hazibebi zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje. Watu 15,841 walioambukizwa hawakuingia katika hesabu kwa wakati, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Hapo tunazungumzia uhai wa watu.

Maoni yangu ni haya. Anayepakia data aiambie programu mapema: safu hii ni maandishi, hii ni tarehe, hii ni hesabu. Akimaliza, alinganishe idadi ya mistari ya faili na ile iliyoingia. Zikitofautiana, asiendelee. Wengine watalia ati ni kupoteza wakati. Mbona hata makanga huhesabu abiria kabla gari halijaondoka?

Sisi tunaofunzwa kompyuta tuanze mazoea haya sasa, kwani kesho ndio tutakaopakia majina ya wagonjwa na ya watahiniwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.