Tupime nafsi zetu kama tunavyopima viazi

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu Wataala, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema.

Ndugu Waislamu, hakuna mkulima wa Njombe asiyelijua neno lumbesa. Ni lile gunia la viazi lililojazwa hadi likafura juu ya mdomo wake, likapita kilo 100 ambazo sheria ya vipimo imeziweka kuwa kikomo, kisha likalipwa kama gunia moja. Mkulima aliyelima, akapalilia na kunyeshewa katika baridi ya nyanda hizi, hudhulumiwa palepale shambani kwake, mchana kweupe. Malalamiko yake ni ya haki, na Uislamu umeyatangulia. Iko sura nzima katika Qur'ani Tukufu, Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya watu wanaotaka kutimiziwa kipimo wanapopokea, lakini wakipunja wanapotoa.

Leo tunakusudia kuichukua mizani hiyo kutoka shambani na kuiingiza ndani ya nyumba zetu. Kwani punjo haiko katika viazi peke yake. Mtu anapojihukumu mwenyewe hutazama nia yake, na anapomhukumu mwenziwe hutazama kitendo. Akimkaripia mkewe, husema amechoka. Mkewe akimjibu, husema hana adabu. Akichelewa kulipa deni, hali ni ngumu. Akicheleweshewa lake, mdeni si mwaminifu. Mwanawe akishindwa mtihani, walimu hawafundishi. Mtoto wa jirani akishindwa, wazazi hawakumlea. Hii nayo ni lumbesa, ila ni lumbesa ya nafsi. Wahenga walikwisha kulisema hili waliponena kwamba nyani haoni kundule.

Wataalamu wa saikolojia nao wameliona. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Edward Jones na Richard Nisbett, waliandika kwamba mwanadamu huelekea kuvieleza vitendo vyake kwa hali iliyomzunguka, na vitendo vya wengine kwa tabia zao. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba jambo hilo hudhihiri zaidi katika mambo mabaya. Yaani pale hasa tunapohitaji kujiona, ndipo jicho linapopata ukungu.

Dawa ya ukungu huo wanazuoni wetu waliipa jina: muhasaba, yaani kuifanyia nafsi hesabu. Msingi wake umo katika Qur'ani. Katika aya ya 18 ya Suratul Hashr waumini wanaamrishwa kumcha Allah, na kila nafsi inatakiwa itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Katika Suratul Qiyama tunafahamishwa kwamba mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake, hata akitoa nyudhuru zake zote. Na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) usia mashuhuri wa kuwataka watu wajihesabu wenyewe kabla ya Siku ya kuhesabiwa. Asiyesoma Kiarabu hana udhuru wa kutozifahamu aya hizi, kwani tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy imo mikononi mwetu tangu mwaka 1969.

Yuko mwanachuoni aliyeitwa kwa jina la kazi hii. Naye ni al-Harith al-Muhasibi, mzaliwa wa Basra aliyefariki Baghdad mwaka 857, ambaye alishikamana mno na kuihesabu nafsi yake hata sifa hiyo ikawa ndiyo jina lake. Baada yake akaja Imam Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), ambaye katika kitabu chake Ihya Ulumid Din ameifananisha nafsi na mshirika katika biashara. Mfano huu wafanyabiashara wa Makambako wataufahamu bila ya kufasiriwa. Asubuhi unamkabidhi mshirika mtaji na kumwekea masharti. Mchana unamtupia jicho. Jioni mnaketi na kufanya hesabu ya faida na hasara. Mtaji hapa ni umri. Na tajiri asiyefunga hesabu za duka lake jioni, tunajua duka lake litakavyokuwa mwisho wa mwaka.

Imam al-Ghazali hakuishia kuandika. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wengi wa zama zake walikitamani. Akaipima nia yake katika kufundisha, akaona kwamba imechanganyika na kutafuta jaha na sifa kwa watu. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alisitasita kwa miezi, hata ulimi wake ukashindwa kutamka darasani. Hatimaye aliacha cheo, akatoka kwenda Damascus, Jerusalem na Makka. Alirejea kufundisha mwaka 1106 huko Nishapur, na alieleza kwamba hakurejea na nia ile ya mwanzo. Mtu yule yule, kazi ile ile, lakini nafsi imekwisha kupimwa. Haya ndiyo maendeleo ya mtu binafsi yanayozungumzwa sana leo, na mlango wake ni huo.

Sasa tutazame nyumbani kwetu. Mkoa huu wa Njombe, uliozaliwa rasmi mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Iringa, ni ghala la chakula. Tuna viazi, mahindi, maharage, maparachichi, maziwa na mboga za kila namna. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali kwa taifa zima kiwango kilikuwa asilimia 30. Magunia yanapandishwa katika malori kuelekea Dar es Salaam, na mtoto wa mwenye shamba ni mfupi kuliko umri wake.

Tuangalie pia janga la VVU. Uchunguzi wa mwaka 2011–12 uliukuta mkoa wetu na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 5.1. Uchunguzi wa mwaka 2022–23, uliohusu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, ulikuta asilimia 12.7 kwa Njombe na asilimia 4.4 kwa taifa. Mara zote mbili tulikuwa wa kwanza Tanzania Bara na Visiwani.

Zinapotajwa takwimu hizi, ndimi zetu huwa nyepesi kutafuta wa kumbebesha. Tunasema ni malori yanayolala Makambako katika njia ya Zambia na Kongo. Tunasema ni vibarua wanaokuja mashamba ya chai na misitu ya mbao. Tunasema ni pombe, ni umaskini, ni baridi. Hatukatai kwamba njia kuu na kazi za kuhamahama zina mchango wake. Wataalamu wamelieleza hilo na serikali ina wajibu wake. Lakini dereva wa lori hakuipanga bajeti ya nyumba yako. Baridi haikumzuia baba kununua yai kwa ajili ya mtoto wa mwaka mmoja baada ya kuuza magunia 40. Na katika nyumba nyingi mama mjamzito bado yuko shambani na jembe tangu alfajiri, na mtoto mchanga anasubiri uji hadi jioni. Hayo hayakuletwa na msafiri.

Wala pasitokee mtu akadhani tunawanyooshea kidole wagonjwa. Anayeishi na VVU ni ndugu yetu, na wengi wao hawakutenda kosa lolote: wamo wake waliokuwa waaminifu ndani ya ndoa, na wamo watoto waliozaliwa nayo. Anayemtazama mgonjwa kwa jicho la tuhuma ameiacha muhasaba na kuingia katika kuhesabu ya wenziwe. Isitoshe, tuhuma hizo ndizo zinazowafanya watu waogope kupima, na asiyepima hatumii dawa.

Hapa ndipo kuijua nafsi kunapokuwa jambo la uhai na mauti. Mwaka 2019 Bunge letu lilirekebisha sheria ya VVU na UKIMWI, likaruhusu mtu kujipima mwenyewe, na likashusha umri wa kupima kwa hiari bila ya ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Dawa zinatolewa bure, na anayezitumia ipasavyo mpaka virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Basi kilichobaki mara nyingi si kukosa kipimo; ni kuogopa jibu. Na khofu hiyo ndiyo ile ile inayomfanya mtu asikae peke yake kwa dakika 10 akajiuliza amekuwa mume wa namna gani. Mtoto naye hupimwa urefu na uzito kliniki. Ni baba wangapi waliowahi kuisoma kadi ya kliniki ya mtoto wao? Baba anayejua bei ya gunia katika masoko matatu, na hajui mstari wa ukuaji wa mwanawe umeelekea wapi, anajua hesabu, ila hajajua nini cha kuhesabu.

Sasa muhasaba inafanywaje katika nyumba ya Muislamu wa kawaida, mwenye kazi na uchovu wake? Tunashauri mambo manne.

Kwanza, wekeni wakati. Baada ya swala ya Isha na kabla ya kulala, dakika chache zinatosha, simu ikiwa imewekwa kando. Kila mmoja ajiulize maswali yasiyo na kona. Leo ulimi wangu umemuumiza nani? Fedha iliyopita mkononi mwangu imetoka wapi na imekwenda wapi? Walio chini ya ulinzi wangu wamekula nini, na nimezungumza nao lini? Ni jambo gani nililolikasirikia, na je, hasira ile ilikuwa kwa ajili ya haki au kwa ajili ya heshima yangu? Swali hili la mwisho ni zito, kwani nafsi hupenda kuivika hasira yake kilemba cha dini.

Pili, chagueni kasoro moja tu ya kurekebisha kwa wiki, kuanzia Ijumaa hadi Ijumaa. Anayetaka kurekebisha yote usiku mmoja, asubuhi hana alilolishika. Mwenye kusema ataacha ukali, na aanze na ukali wa wakati wa chakula. Amali inayopendeza zaidi kwa Allah, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo.

Tatu, takeni kioo. Mtume (S.A.W.) alimfananisha muumini na kioo cha nduguye, na kioo hakipigi kelele wala hakitangazi kilichokiona. Mume amuulize mkewe, na mke amuulize mumewe, ni tabia gani inayomlemea. Na aliyeuliza anyamaze asikie, asijitetee. Watoto nao wazoezwe kusema walilolifanya na lililowaghadhibisha bila ya kutanguliziwa fimbo. Mtoto anayepigwa kila anaposema kweli atajifunza kuuficha moyo wake, na akifika miaka 15 hatawaambia wazazi lolote katika mambo yanayoweza kumwangamiza.

Nne, haki za watu zirejeshwe. Muhasaba inayoishia katika machozi, na deni la jirani bado liko mfukoni, haijakamilika. Kosa lililo baina ya mja na Mola wake lina toba na sitara, na dini haikutuamrisha tukatangaze dhambi zetu barazani. Lakini kosa la mizani, la mshahara wa kibarua au la urithi wa yatima, toba yake ni kulilipa.

Tunatahadharisha pia juu ya upande wa pili. Wako wanaojihesabu hadi wakaingiwa na wasiwasi na kukata tamaa, wakajiona hawafai mbele ya Allah wala mbele ya watu. Hiyo si muhasaba. Mfanyabiashara mwadilifu huandika hasara, na faida huiandika vilevile. Basi hesabu na mema uliyojaaliwa: subira yako, ukarimu wako, kipaji chako, kisha umshukuru Aliyekupa. Na yule ambaye huzuni imemkalia kwa wiki nyingi, hali wala halali, asiambiwe kwamba imani yake ni dhaifu. Apelekwe hospitali, kwani tiba ni katika Sunna.

Sisi Waislamu wa Njombe na Makambako ni wachache katika nyanda hizi, na tunaishi kwa wema na majirani zetu Wakristo. Njia tuliyo nayo ya kuwaonyesha dini yetu ni hali ya nyumba zetu: baba anayepeleka mtoto kliniki, wanandoa waliopima pamoja, mfanyabiashara ambaye gunia lake halina kilemba. Maimamu wetu nao wanaweza kusaidia kwa kuzitaja takwimu hizi mimbarini bila ya kumfedhehesha mtu, na kuwaalika wauguzi waje wazungumze baada ya swala.

Tunaendelea kudai mizani ya haki katika viazi vyetu, na tusichoke kudai. Lakini usiku wa leo, milango ikishafungwa, iko mizani nyingine inayotusubiri, ambayo mpimaji na mpimwa ni mtu mmoja, na shahidi ni Allah.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe aibu zetu kabla watu hawajazijua, na utupe nguvu ya kuzirekebisha. Wakinge watoto wetu, waponye wagonjwa wetu, na uzijaalie nyumba zetu kuwa na utulivu na rehema. Amin.

Wabillahi tawfiq.