Nyumba Hii Haiuzwi
Jumanne, nikishuka daladala Mbagala, nimekuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Bila shaka kuna mtu alishapiga hodi pale, karatasi mkononi, akidai amekuja kwake. Mdogo wangu naye anatafuta kununua nyumba yake ya kwanza ya kupangisha, na dalali hampi pumzi: "Bosi, jioni kuna mtu anakuja na hela." Nimemwambia amwachie huyo wa jioni. Kwanza apekue hati kwa msajili, aongee na majirani, aulize masika maji yanapita wapi. (Mimi kiwanja changu nilikilipia kiangazi, Aprili nikakuta vyura wameshahamia.) Na mke wa muuzaji je, anajua? Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Dalali hulipwa siku ya kuuza. Siku ya kesi hayupo. Anayenunua nyumba kwa maneno ya dalali amenunua maneno. Jana nimepita tena Mbagala: nyumba ya jirani nayo imeandikwa, rangi bado mbichi.