TAHARIRI: Televisheni ya chama iwashwe kwa ajili ya nini?



Mkutano wa Jumatano utaamua habari ya televisheni iliyoko ghalani. Wapo wanaotaka iwe ya mpira kila siku, kwa kiingilio, ili chama kipate fedha. Fedha tunaitaka, nani haitaki? Lakini kibanda umiza tunacho tayari pale njia panda, na mwenye nacho ni mwanachama mwenzetu. Chama kishindane naye ili iweje?

Sisi tunasema zitengwe jioni mbili kwa wiki za vipindi mchanganyiko: habari, kilimo, afya ya mama na mtoto, halafu ngoma au mchezo wa kuigiza. Ukimwekea mtu mbolea tupu saa nzima, atasinzia. Akijua ngoma inakuja, atangoja, na huku anangoja atasikia la mahindi.

Jambo hili limeshajaribiwa. Huko India, tarehe 1 Agosti 1975, vijiji kama 2,400 katika majimbo sita vilianza kupata matangazo kwa setilaiti ya Marekani, kwenye televisheni za kijiji kizima. Asubuhi vipindi vya watoto wa shule; jioni wakubwa wanapata habari, kilimo, afya, uzazi wa mpango, na nyimbo na ngoma zao. Tarehe 31 Julai 1976 muda ukaisha, wenye setilaiti wakaichukua. Cha kuazima, wazee walishasema mwisho wake.

Wilayani Kheda, jimbo la Gujarat, ambako wakulima wana vyama vikubwa vya ushirika vya maziwa, mambo yaliendelea. Mtambo ulikuwa kijijini Pij, na televisheni nyingi zilikaa kwenye majengo ya ushirika, kama yetu hii. Wanavijiji walishirikishwa hata kutengeneza vipindi, wakasema shida zao wenyewe. Mwaka 1984 kazi ile ilipewa tuzo ya UNESCO ya mawasiliano vijijini.

Na sisi tusijidharau. Zanzibar wana televisheni tangu 1973. Bara tulingoja hadi 1994. Lakini mwaka huohuo wa 1973, kwa redio tu, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kama milioni mbili katika vikundi. Wazee mnakumbuka: mnasikiliza pamoja, redio inazimwa, mnajadili, kesho mnachimba choo. Kwa hiyo tunataka na hapa televisheni izimwe nusu saa kabla ya watu kutawanyika, bwana shamba au mhudumu wa afya aulizwe maswali. Bila hiyo nusu saa, afadhali tuangalie mpira.

Lipo la saa pia. Wanaosema kina mama hawapendi televisheni, hebu waseme saa mbili usiku nani yuko jikoni kwao. Tuanze saa kumi jioni. Kipindi kinachorushwa usiku, vijana wetu wanajua kukitia kwenye flashi kikangoja. Na usiku ule kina baba wanaweza kuchota maji, hakuna atakayekufa.

Mkutano ni saa tisa alasiri, ghalani. Mwenye la kupinga aje alisema hapo mbele ya wenzake, asiandike tena kwa mkaa pembeni ya gazeti hili.