King'ora Bila Fundi ni Pambo

Sisi ni hodari wa kuzindua na wazito wa kutunza. Utepe hukatwa, hotuba husomwa, picha hupigwa. Kisha kilichozinduliwa huachiwa jua, mvua na chumvi. Kila tahadhari ya bahari inapotolewa, hurudi wito wa kusimamisha ving'ora kwenye fukwe zetu. Mimi nauliza swali moja kwa niaba ya Wambaa, kijiji cha wilaya ya Mkoani kinachotazamana na mkondo wa Pemba: king'ora hicho atakitunza nani?

Haja ya onyo haina ubishi. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Sumatra yalichukua zaidi ya saa saba kufika kwetu. Mombasa, watu waliondolewa ufukweni. Dar es Salaam, waogeleaji walikufa maji. Muda ulikuwapo, kilichokosekana ni sauti ya kuwafikia waliokuwa majini. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari mapema, kama ilivyofanya kwa Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Lakini taarifa iliyofika ofisini bado haijamfikia mvuvi aliyelala.

Hapo ndipo king'ora kinapohitajika, na hapo ndipo uzembe wetu utakapoua. Umeme wa gridi hautoshi kukiendesha: Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika. Lazima pawe na betri, na betri hufa kimyakimya. Taa ya chaji huendelea kuwaka, kipimo husoma vizuri, lakini siku ya kupiga king'ora nguvu hushuka na honi hunyamaza. Kwa hiyo betri hupimwa ikiwa na mzigo. Kutazama taa hakutoshi. Hewa ya bahari hula viungo vya waya. Mavu hujenga ndani ya honi. Kinyesi cha ndege hufunika paneli ya sola. Mwembe uliokuwa mche siku ya uzinduzi hukua na kuizuia sauti. Nyingi ya kasoro hizi ni kazi ya bisibisi, grisi, panga na asubuhi moja. Kinachozifanya ziue ni kukosa mtu mwenye jina, zamu na fungu la fedha.

Na chombo kizima nacho hakitoshi. Agosti 2023, moto uliteketeza mji wa Lahaina, Hawaii, katika jimbo linalojaribu ving'ora vyake kila mwezi. Siku hiyo havikupigwa. Mkuu wa maafa alijitetea kwamba wananchi wamezoea kukihusisha king'ora na tsunami, hivyo wangekimbilia mlimani, kwenye moto. Watu wapatao 100 walikufa. Sauti isiyo na maana moja inayojulikana na wote ni kelele tu.

Najua jibu la maofisa: fedha hakuna. Bangladesh, nchi ambayo haikuwa tajiri, tangu miaka ya 1970 imejenga jeshi la watu wa kujitolea wanaopita vijijini na bendera, vipaza sauti na ving'ora vya kuzungusha kwa mkono. Walianza na watu, wala hawakungoja minara.

Basi nadai haya kwa Wambaa na kwa kila shehia ya pwani. Mkataba wa kununua king'ora usisainiwe bila fungu la matengenezo la kila mwaka. Vijana wawili wa hapo hapo wafundishwe ufundi wake na walipwe. Kipigwe kwa majaribio kila mwezi, siku inayojulikana, na matokeo yabandikwe ofisini kwa sheha ili mwananchi ahoji. Skuli na misikiti ifundishe njia ya kukimbilia.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mtumishi wa umma unayesoma hapa, nawe mwanafunzi utakayeketi kesho kwenye kiti chake: jambo litakuja. Hakikisheni mbiu italia.