Kiduha, Mwizi wa Chini ya Ardhi

Katika nchi tambarare ya Same mvua ni haba, na kila mkulima ajua thamani ya maji. Ndiyo maana Wapare tangu zamani walichimba ndiva, yaani mabwawa ya kukusanya maji ya vijito, yafunguliwe kwa zamu na kupita mferejini hata mashambani. Mtu akiutoboa mfereji usiku ayageuze maji kwake, shamba la mwenzake hukauka, wala mwizi haonekani. Kiduha huyatenda hayo hayo kwa mahindi na mtama.

Ni mmea mdogo, kimo chake kama shubiri moja, wenye maua mekundu ya kupendeza. Majani yake ni ya kijani, basi asiyekijua hudhani kwamba chajitegemea. Mbegu zake ni kama vumbi. Mmea mmoja hutoa maelfu mengi, nazo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Mvua peke yake haiziamshi. Mzizi wa muhindi hutoa utomvu fulani, na mbegu iliyo karibu ikiupata huota. Kimzizi chake kisipoufikia mzizi wa muhindi katika siku chache hufa, kwa kuwa hakina akiba. Kikiufikia hujishikiza, hupenya ndani, kisha huunganisha mishipa yake na mishipa ya muhindi. Tangu hapo hunyonya maji, chumvi za udongo, na hata sukari ambayo muhindi umejitengenezea kwa nguvu ya jua. Tena wakati wa ukame muhindi hufunga vitundu vya majani yake, lakini kiduha huviacha vyake wazi, na maji huzidi kuvutwa upande wake.

Kirukia cha juu ya miti nacho ni mnyonyaji, lakini hicho kila mpita njia hukiona. Kiduha hunyonya wiki kadhaa kabla ya kutokeza. Mahindi hunyauka na udongo ungali na unyevu. Mwenye shamba asipoona mdudu huanza kumshuku jirani aliyestawisha yake. Hata jina lake la Kiingereza maana yake ni gugu la wachawi. Ni jina baya, kwa kuwa lamtia hatiani mtu asiye na kosa, hali ushahidi wote u mizizini.

Wako wasemao kwamba kuking'oa ni kazi bure, maana kikionekana mahindi yamekwisha kudhurika. Kwa mavuno ya mwaka huu, wasema kweli. Kwa shamba, wamekosea kabisa. Kiking'olewa kabla ya kuchanua hakimwagi mbegu, na kazi hiyo hata mtoto wa shule aiweza. Kilichokwisha kuchanua kichomwe moto, kisitupwe njiani. Samadi husaidia, na kunde zikipandwa kati ya mihindi hupunguza kiduha. Huko Mbita, Kenya, watafiti walipanda desmodiamu kati ya mistari. Mizizi yake huziotesha mbegu za kiduha, kisha huzizuia zisijishikize, zikafa.

Naye aazimaye jembe lililotoka katika shamba lenye kiduha na alioshe kwanza, kwani mbegu hizo husafiri pamoja na udongo ulioganda juu yake.