Wayaringi ya banda: bana hela, ila sio kwenye waya

Juzi nilifika kwa mfugaji mmoja nikakuta banda limeungua, vifaranga wote wameisha. Alifunga taa nne za joto za wati 250, yaani kilowati nzima, kwenye ekstensheni nyembamba iliyoungwa kwa selotepu. Aliokoa hela kidogo, akapoteza mtaji.

Msimamo wangu ni huu: kwenye banda au karakana, punguza gharama kwenye urembo, usipunguze kwenye usalama. Kwa nini utindue ukuta kuficha waya? Kuku hawaangalii. Pitisha waya kwenye bomba la plastiki juu ya ukuta. Hulipii kutindua wala plasta, panya hawafikii waya kirahisi, na hitilafu ikitokea fundi anaiona haraka.

Ila waya uwe wa shaba: milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Mashine ya kukata majani iwe na laini yake na breka yake. Kama iko mbali na mita, ongeza unene wa waya, la sivyo umeme unafika dhaifu na mota inaungua. Ethi usiiruke kabisa, maana bandani kuna maji kila siku.

Mwisho, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Najua wa mtaani anachukua nusu bei. Lakini wewe ni mfanyabiashara, piga hesabu: banda lako lina thamani gani?